Tangazo la Juni, Mvua ya Machi

Ukiingia katika idara yoyote ya kilimo ya chuo kikuu cha umma, kabla hujafika kwa katibu muhtasi utapita ubao wa matangazo. Ubao huo una kioo cha kusukuma na kufuli ndogo ambayo ufunguo wake huwa na mtu mmoja tu, na ndani yake karatasi zimelaliana kama vigae, mpya juu ya kuukuu. Zote zinaanza namna moja. Kumbukumbu namba. Tarehe. Kwa wanataaluma wote. Kisha Yah:, na herufi kubwa zilizopigiwa mstari. Siku hizi karatasi hiyohiyo hutangulia kufika kwenye kundi la WhatsApp la idara, saa tatu usiku, ikiwa picha iliyopigwa upande. Lakini asubuhi bado mhudumu wa ofisi atakuja na pini zake nne aibandike.

Wengi hawaisomi. Inahusu mwisho wa kuwasilisha maswali ya mitihani, zamu za kusimamia, kikao cha bodi ya ndaki, mafunzo ya mfumo mpya wa kompyuta. Nami nilikuwa mmoja wao, mpaka msimu mmoja karatasi ya namna hiyo iliponikata miguu nikiwa najiandaa kwenda kuvuna. Tangu hapo kila nikifika chuoni nayasoma matangazo yote, neno kwa neno, maana nimeshuhudia yakiamua mbegu gani itamfikia mkulima na ipi itaishia kabatini.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na kupata mkataba wa muda wa msaidizi wa utafiti katika chuo kimoja cha umma. Kazi yenyewe ilikuwa jaribio la maharage: aina kumi na sita, marudio matatu, vitalu arobaini na vinane, kwenye shamba la mama mmoja mlimani, moja kati ya maeneo matatu ya jaribio, saa tatu kwa gari na nusu saa nyingine kwa miguu. Sote tulimwita Mama Mkubwa. Tulipanda wiki ya pili ya Machi, mvua ilipokuwa imeshika. Kila kitalu tulikichomekea kibao chenye namba. Tulirudi kuhesabu siku za kutoa maua, tukarudi tena kuhesabu maganda, na kila tulipofika Mama Mkubwa alikuwa amekwisha palilia sehemu yetu kabla ya yake. Maharage yale yalikuwa ya kukomaa kwa miezi mitatu. Katika daftari langu siku ya kuvuna niliiandika kwa wino mwekundu: katikati ya Juni.

Tarehe 2 Juni tangazo likabandikwa. Mwaka wa fedha ulikuwa unafungwa. Masurufu yote yarejeshwe kabla ya tarehe 10, na hakuna safari itakayoidhinishwa baada ya hapo mpaka bajeti mpya itakapofunguliwa. Lilikuwa tangazo fupi na la adabu. Maharage yalikuwa bado yanahitaji siku kumi.

Siwalaumu wahasibu. Fedha ya umma ina wenyewe, na masurufu yasiyorejeshwa kwa wakati huzaa hoja ya ukaguzi ambayo itamfuata mkuu wa idara mpaka mbele ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Aliyeandika tangazo lile alikuwa anatimiza wajibu wake. Shida iko mahali pengine, na ndiyo inayonifanya niandike makala hii: mashamba ya utafiti ya nchi yetu yanaendeshwa kwa kalenda ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya mmea.

Kalenda ya fedha za serikali inaanza tarehe 1 Julai na kufungwa 30 Juni. Kalenda ya mvua ina mambo yake. Kwa Morogoro na sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini mwa Tanzania, vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, masika kati ya Machi na Mei. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu, takriban Novemba hadi Aprili. Sasa ziweke pamoja. Fedha mpya zikifunguliwa Julai, masika yamekwisha. Mpaka kasma igawanywe, ununuzi wa mbolea na vifaa upite kwenye mfumo, na hati ya malipo isainiwe na kila anayepaswa kuisaini, vuli nayo iko mlangoni au imekwisha ingia. Masika yakija Machi, mtafiti amebakiwa na miezi mitatu na kidogo kabla hesabu hazijafungwa. Mahindi ya masika huvunwa Julai na Agosti. Kwa hiyo mtu hupanda kwa bajeti ya mwaka huu na kuvuna kwa bajeti ya mwaka ujao, ambayo siku ya mavuno huenda haijatoka.

Tatizo hilohilo linawagusa wanafunzi. Mafunzo kwa vitendo hupangwa likizo ndefu, kuanzia Julai, kwa kuwa ndipo madarasa yanapokuwa matupu. Kijana anayesomea kilimo hufika kijijini shamba likiwa mabua. Hajaona mkulima akihangaika na mvua ya kwanza, hajaona viwavijeshi wakiingia kwenye mahindi machanga, hajapalilia. Machi na Aprili, mambo hayo yalipokuwa yakitokea, yeye alikuwa ukumbini akisomeshwa habari zake. Waliobahatika ni wale wanaopangiwa kwenye skimu za umwagiliaji kama Dakawa na Mkindo, ambako maji ya mfereji hayangoji masika. Wengine hurudi na ripoti nzuri iliyoandikwa juu ya shamba lililokwisha vunwa.

Chukua Morogoro yenyewe, maana ndiko ilikojengwa nyumba kubwa ya elimu hii nchini. Chuo cha kilimo kilianza pale mwaka 1965 kikitoa stashahada. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa mwaka 1970, mahali hapo pakawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye misitu na tiba ya mifugo vikaongezwa. Kisha, kwa sheria ya mwaka 1984, kikawa chuo kikuu kinachojitegemea, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili mwaka huohuo, mkoani humohumo, safarini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilizaliwa rasmi tarehe 1 Julai 1984. Siku hiyo ndiyo siku ya kwanza ya mwaka wa fedha. Huenda kiutawala ilikuwa rahisi iwe hivyo. Lakini nikiitazama tarehe hiyo naona jinsi shule ya kilimo inavyoweza kuzaliwa wakati wa kiangazi bila mtu yeyote kushangaa.

Chuo kama hicho kina ndaki, na kila ndaki ina rasi wake. Chini ya rasi kuna wakuu wa idara. Ndaki ya Kilimo ndiyo yenye idara za mimea, udongo na sayansi ya wanyama. Neno likitoka Baraza la Chuo au Seneti hushuka kwa Makamu Mkuu wa Chuo na manaibu wake, likapita kwa rasi, likafika kwa mkuu wa idara, likaishia ubaoni. Kila ngazi huongeza barua yake ya kuambatisha na kupunguza siku zake. Jambo lililoamuliwa likiwa na mwezi mzima wa utekelezaji laweza kumfikia mhadhiri likiwa na siku nne. Hapo ndipo linapoandikwa neno "haraka" kwa herufi nzito.

Tangazo linalosomwa kuliko yote ni lile la kupandishwa vyeo. Hilo hata wasiofungua WhatsApp hulijua. Ngazi zinafahamika: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Mlango wa chini una kizingiti kirefu: anayetaka kuanza kama mkufunzi msaidizi sharti awe na wastani usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, na kwa mhadhiri msaidizi huongezwa 4.0 ya shahada ya uzamili. Baada ya hapo kinachokupandisha, zaidi ya kitu kingine chochote, ni machapisho. Kufundisha kunapimwa, utumishi kwa jamii unatajwa, lakini muulize mwanataaluma yeyote usiku wa kuamkia mwisho wa kuwasilisha maombi anahesabu nini. Anahesabu makala.

Kinachoniumiza ni urefu wa kazi mbili zinazopimwa kwa rula moja. Makala yaweza kuandikwa kwa miezi. Aina mpya ya maharage, kuanzia siku unapochavusha ua la mama kwa chavua ya baba mpaka siku inaporuhusiwa kuuzwa kama mbegu, huchukua takriban miaka kumi. Morogoro walitoa SUA 90, yenye jina la chuo na la mwaka. Baadaye zikaja Rojo, Mshindi na Pesa. Kila jina moja kati ya hayo ni misimu mingi ya watu kuinama, kuchagua mimea yenye afya, kutupa mingine, kupanda tena. Ni asubuhi nyingi mno ambazo hakuna jarida lililoziona. Mtafiti kijana mwenye akili timamu, akisoma tangazo la vyeo jinsi lilivyo, ataona njia fupi: achukue sampuli, abaki maabara, aandike. Wengi wamefanya hivyo na siwezi kuwaita wavivu, kwani wametii walichoandikiwa.

Serikali nayo imeongeza uzito upande huohuo wa mizani. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza tuzo ya shilingi milioni 50 kwa mwanataaluma atakayechapisha katika majarida yenye hadhi ya juu kabisa duniani. Naipokea tuzo hiyo kwa furaha. Nchi isiyotukuza wasomi wake itawapoteza. Ningependa tu kuona siku moja tangazo la ukubwa huohuo kwa mtu aliyefanya wakulima elfu moja waache mbegu iliyochoka. Na ningependa lugha ifikiriwe. Makala ya majarida hayo huandikwa kwa Kiingereza. Kijitabu cha kurasa ishirini cha Kiswahili, chenye picha za magonjwa ya majani ambazo bwana shamba anaweza kumwonyesha mkulima akiwa amesimama shambani, ni kazi ngumu kuliko wanavyodhani wasioijaribu. Nimewahi kushiriki kutunga kimoja. Tulibishana siku mbili juu ya neno moja la ugonjwa, kwa sababu mabonde mawili jirani yaliuita kwa majina tofauti. Kijitabu hicho kilipotoka, waliokitunga hawakuweza kukiweka mahali popote penye uzito katika fomu zao za kupanda cheo.

Kuna mahali ambapo fomu hiyo huandikwa kwa namna nyingine, nami nimetumia muda mrefu kuisoma. Chuo Kikuu cha California, cha umma pia, kina divisheni nzima ya kilimo na maliasili. Ndani yake wamo washauri wa kilimo wanaokaa katika ofisi za kaunti, karibu na wakulima, na hawana darasa la chuo la kufundisha. Hata hivyo ni wanataaluma kamili, wana ngazi za kupanda kama wahadhiri, wana jalada la kuandaa na tarehe ya mwisho ya kuliwasilisha, na wenzao huketi kulijadili. Jalada hilo hupimwa kwa vigezo vinne: kueneza maarifa, utafiti tumizi, umahiri wa kitaaluma, na utumishi kwa chuo na kwa umma. Kueneza maarifa hakukuwekwa mwishoni kama kiungo cha mchuzi. Anayeomba kupanda hutakiwa aeleze ni nini kilichobadilika shambani kwa watu kwa sababu yeye alikuwapo. Makala zinahesabiwa, ndiyo, ila haziko peke yake.

Utaratibu huo una mizizi ya zaidi ya miaka mia moja. Sheria ya mwaka 1862 iliyaahidi majimbo ya Marekani ardhi ya kuanzishia vyuo vya kilimo na ufundi. Ya mwaka 1914 ikatoa fedha za kupeleka maarifa ya vyuo hivyo vijijini. California ilikuwa imetangulia mwaka mmoja: mshauri wake wa kwanza wa kaunti alianza kazi Humboldt mwaka 1913. Na asije mtu akadhani walifika hapo bila kujikwaa. Kufikia miaka ya 1960 wataalamu wa chuo hicho hicho, kwenye kampasi ya Davis, mmoja mtaalamu wa kuzalisha mbegu na mwingine mhandisi, walikuwa wametengeneza nyanya yenye ganda gumu na mashine ya kuivuna. Kwa hesabu ya maabara yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini mashine ilikuwa ghali, ikawafaa wenye mashamba makubwa. Wakulima wa nyanya za kiwandani waliokuwa takriban 4,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 walibaki kama 600 ilipofika 1973, na vibarua wengi sana wakakosa kazi. Mwaka 1979 chuo kikashtakiwa kwa niaba ya vibarua na wakulima wadogo, kwamba fedha ya umma imetumika kuwanufaisha wachache. Kesi ilidumu miaka kumi, na katika rufaa ya mwaka 1989 chuo kikashinda. Swali lenyewe, la nani anahesabiwa pale utafiti unapohesabiwa, halikuondoka na hukumu.

Leo mshauri wa kaunti huko hupimwa pia kwa juhudi zake za kuwafikia watu wa makundi yote ya eneo lake. Katika kaunti ya Fresno, ambako wamehamia Wahmong waliokimbia vita vya Laos na kulima mboga kwenye vishamba vya kukodi, ofisi ya chuo imekuwa ikiendesha kipindi cha redio cha kilimo kwa Kihmong. Kipindi cha redio, kwa lugha ya mkulima, nacho ni kazi ya mwanataaluma. Nikisoma hivyo nakumbuka kwamba Morogoro kuna SUA FM, na kwamba wahadhiri huenda pale kuzungumza na wasikilizaji kwa Kiswahili safi, wakajibu simu za watu wa Kilosa na Turiani, kisha wakarudi ofisini ambako saa hiyo moja haina safu yake.

Najua California si Morogoro. Huko mshauri ana gari la ofisi na kaunti yake humchangia. Kwetu ugani uko chini ya halmashauri, wala si chuo kikuu. Maafisa ugani waliopewa maelfu ya pikipiki mwaka 2022 wanaripoti kwa mkurugenzi wa wilaya, na hakuna karatasi inayomlazimisha mtafiti na afisa ugani wa kata kukaa meza moja. Wakikutana ni kwa hiari yao. Lakini hiari hiyo ikikutana na uvumilivu hufanya mambo makubwa. Pale Mgeta, juu ya milima ya Uluguru, ambako sasa ni wilaya ya Mvomero, watu wa chuo walipeleka mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway katika miaka ya 1980. Mbuzi wa kienyeji alikuwa wa nyama na wa dharura, hakukamuliwa. Watafiti wakapanda mlima, wakafundisha banda na majani ya kulisha, wakashuka, wakapanda tena, kizazi cha watafiti kikapokea kingine. Maziwa yakaingia kwenye uji wa watoto, na beberu wa Mgeta akawa anatafutwa na watu wa mikoa mingine. Kazi ya namna hiyo haiingii ndani ya mwaka mmoja wa tathmini. Ukiikata vipande vya miezi kumi na miwili, kila kipande kitaonekana kidogo.

Kuhusu tathmini, kuna tangazo jingine ambalo wanataaluma wote wa vyuo vya umma wamelizoea sasa: jaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Kabla yake kulikuwa na OPRAS, iliyoingia mwaka 2004 na kupewa jina refu la Kiswahili, Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, MWAMTUKA. Ilikuwa fomu ya karatasi, ambayo mara nyingi ilijazwa kwa mkupuo mwezi Juni kwa tarehe za nyuma. PEPMIS ya sasa iko kwenye kompyuta, mtumishi anaingiza majukumu yake na msimamizi anayaidhinisha. Wahadhiri wengi wanalalamikia muda unaokwenda humo, na wana haki. Mimi, pamoja na hayo, naona humo upenyo. Mfumo haumwambii mtu jukumu lake liwe nini. Mkuu wa idara mwenye moyo anaweza kuidhinisha "kutembelea wakulima kumi wa jaribio, Machi hadi Juni" kama jukumu halali linalopimwa, na likaonekana mpaka juu. Haihitaji sheria mpya wala kikao cha Baraza. Inahitaji mtu mmoja aketi Julai, kabla ya majukumu kuingizwa, akiwa na kalenda ya mvua mkononi.

Matangazo ya kustaafu na ya ufadhili wa masomo nitayapitia upesi. Kwa watumishi wengi wa umma umri wa lazima ni miaka 60. Kwa maprofesa na wahadhiri waandamizi umesogezwa hadi 65, na ni jambo jema, kwa maana mtu aliyechagua mbegu kwa miaka thelathini ana jicho ambalo halimo katika kitabu. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, wa dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, ulioanza 2021, umewapeleka vijana wengi wa vyuo vya umma kusomea uzamili na uzamivu, na umejenga majengo. Matangazo ya ufadhili huo niliyaona yakichomolewa pini na kupigwa picha na kila kijana aliyepita. Nawatakia wote warudi. Ila ningeomba kila anayeondoka apewe msimu mmoja wa kutembea shambani nyuma ya yule anayestaafu, kabla hajaenda, akabeba daftari lake. Tangazo la namna hiyo sijawahi kuliona.

Nirudi kwa Mama Mkubwa. Juni ile alinipigia simu, siku ya kumi na nne.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Maharage yamekauka, yanapasuka. Mko wapi?"

Nilimweleza habari za kufunga mwaka. Akanyamaza kidogo, akauliza mwaka gani unafungwa Juni. Nikamwambia wa fedha. Akasema, haya, mimi nitavuna, msihangaike.

Tulifika Agosti, baada ya bajeti kufunguliwa na gari kupatikana. Alitupeleka chumba cha nyuma. Juu ya kitanda cha kamba vilikuwa vimepangwa vifurushi arobaini na vinane, kila kimoja kimefungwa kwa kipande cha khanga kuukuu, na ndani ya kila fundo kuna kibao chetu chenye namba ya kitalu. Alikuwa amechana khanga zake tatu. Alikuwa amevuna kitalu baada ya kitalu, peke yake na mjukuu wake, akihakikisha mbegu hazichanganyiki, kwa sababu miezi mitatu alikuwa ametutazama na kuelewa kinachotafutwa. Tulipima uzito wa vyote. Kiongozi wa utafiti, mtu mwadilifu, alisema kwa masikitiko kwamba takwimu hizo haziwezi kutumika: unyevu haukupimwa siku ya kuvuna, mimea haikuhesabiwa, na wahakiki wa jarida watauliza. Makala ilitoka baada ya miaka miwili ikiwa na maeneo mawili badala ya matatu. Shamba la mlimani halikutajwa. Mmoja wetu alipanda cheo, kwa haki.

Katika raundi iliyofuata aina nne ziliachwa, na mojawapo ilikuwa aina namba kumi na nne, iliyokuwa ya katikati katika maeneo yale mawili. Ni kule mlimani tu ndiko ilikoongoza, kwenye vifurushi vya khanga.

Mwaka juzi nilipita kijijini kwake kwa kazi nyingine. Nilimkuta amezeeka, bado anatembea. Mteremko wake wote ulikuwa maharage ya rangi moja, na mteremko wa jirani, na wa jirani wa jirani. Aliniambia yanavumilia ukungu wa Aprili na yanaiva upesi jikoni, kuni chache. Watu wanakuja kununua mbegu kutoka kijiji cha ng'ambo. Aliniuliza kule chuoni tunayaitaje. Daftari la zamani nilikuwa nalo kwenye mkoba, nikamsomea herufi na tarakimu zilivyoandikwa, mstari mzima. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema wao wanayaita Kumi na Nne, kisha akaingia ndani akanipimia kilo mbili za mbegu, akazifunga kwenye kipande cha khanga.